Hofu ya Kupanda Ndege na Uhuru wa Msafiri

Hofu ya kupanda ndege ni woga mkubwa unaomshika mtu kabla ya safari ya anga au akiwa tayari angani, ukamfanya aahirishe safari, aikwepe kabisa, au aimalize kwa mateso ambayo abiria wa kiti cha jirani hayaoni. Woga huu haubagui umri, elimu wala kipato, na wengi walio nao huuficha kwa kuona haya, wakitaja nauli au shughuli nyingi ili wasiulizwe zaidi. Magomeni, iliyopo kando ya Barabara ya Morogoro katika Manispaa ya Kinondoni jijini Dar es Salaam, ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili kwa karibu. Wapo wakazi wake wanaoishi kwa biashara ya Kariakoo, soko lililo ng'ambo ya bonde la Jangwani, ambalo bidhaa zake nyingi hutoka Guangzhou, Dubai na Istanbul, na kwao safari ya ndege ni sehemu ya kazi. Wakati huohuo, anayepanda basi la mwendokasi katika kituo cha Magomeni Mapipa hufika kwa urahisi kwenye treni, kwenye boti za Zanzibar au kwenye mabasi ya mikoani, kwa hiyo njia mbadala alizonazo ni nyingi kuliko za Watanzania wengine wengi.

Hoja ya makala haya ni kwamba kusafiri kwa treni, basi au meli ni jambo jema linapokuwa chaguo la msafiri mwenyewe. Hofu ikiachwa ichague kwa niaba yake, humnyang'anya safari zisizo na njia nyingine, na wakati mwingine humpeleka kwenye hatari kubwa kuliko ile aliyoikimbia.

Wasiwasi na fobia

Ni vyema kwanza kutenganisha wasiwasi wa kawaida na fobia. Wasiwasi wa kawaida humpata karibu kila anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, ambaye moyo humwenda mbio wakati wa kupaa na kutulia baada ya dakika chache. Fobia, kwa maana ya wataalamu wa afya ya akili, ni hofu ya kitu au hali mahususi inayopita kiasi cha hatari yenyewe, inayodumu kwa miezi 6 au zaidi, na inayovuruga kazi, ibada, matibabu au maisha ya familia ya aliye nayo. Tena, chini ya jina moja la hofu ya ndege hukaa hofu za aina kadhaa: yupo anayeogopa ndege kuanguka, yupo asiyevumilia mahali palipofungwa ambapo mlango haufunguki mtu atakapo, yupo anayeogopa kimo, na yupo ambaye hasa anaogopa kupiga kelele au kuzimia mbele za watu. Kuijua aina ya hofu ni muhimu, kwa sababu anayeogopa mahali palipofungwa hatasaidiwa na takwimu za ajali, hata ziwe za kutia moyo namna gani.

Mwilini, hofu hii hufuata njia inayoeleweka. Katika ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo huutahadharisha mwili juu ya hatari kabla akili haijapata nafasi ya kuchunguza kama hatari hiyo ni ya kweli. Amigdala inapotoa ishara, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu, mapigo ya moyo hupanda, misuli hukaza, viganja hutoa jasho na pumzi huwa fupi za harakaharaka. Pumzi za namna hiyo hupunguza mno hewa ya kabonidayoksaidi mwilini, na upungufu huo huleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na hisia ya kukosa hewa, dalili ambazo mwenye hofu huzichukua kuwa ndizo za kufa, naye akazidi kuhema. Hali hiyo huitwa shambulio la hofu. Inatisha sana, lakini kwa kawaida hufika kilele chake ndani ya dakika chache, kisha hupungua yenyewe.

Hayo yote hayana uhusiano na udhaifu wa imani wala ukosefu wa ujasiri. Dennis Bergkamp, mshambuliaji Mholanzi ambaye mashabiki wa Arsenal waliojaa Dar es Salaam wanamjua vizuri, aliacha kupanda ndege baada ya Kombe la Dunia la mwaka 1994 lililofanyika Marekani, akajiunga na Arsenal mwaka 1995 na kuichezea hadi mwaka 2006, akienda kwa gari au treni kwenye mechi za Ulaya zilizofikika kwa nchi kavu na kuzikosa nyingi za mbali. Mchezaji aliyesimama bila woga mbele ya mabeki wakali na maelfu ya watazamaji alishindwa kuketi ndani ya ndege, na klabu yake ikaipokea hali hiyo kama ilivyo bila kumvunjia heshima. Familia na waajiri wangefanya vizuri kufuata mfano huo.

Jinsi akili inavyoipima hatari

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba, wakati hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokolewa, huku wavuvi wakiwa miongoni mwa wa kwanza kufika kutoa msaada. Picha za mkia wa ndege ukichomoza juu ya maji zilienea nchi nzima kwa simu za mkononi, na kwa watu wengi zimebaki kuwa sura ya kwanza inayowajia linapotajwa neno ndege. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza katika miaka ya 1970 kwamba binadamu hukadiria uwezekano wa jambo kutokea kwa kuangalia jinsi mifano yake inavyomjia akilini kwa wepesi; tukio moja la kutisha lililoonekana na wote huzidi uzito matukio elfu ya kawaida ambayo hayakupigwa picha.

Takwimu huonyesha sura nyingine. Kwa hesabu za Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga, mwaka 2023 zilifanyika zaidi ya safari milioni 37 za ndege za biashara duniani, na katika hizo ilitokea ajali moja iliyosababisha vifo, ile ya Nepal iliyoua watu 72. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linakadiria kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mwanasaikolojia Mjerumani Gerd Gigerenzer alichunguza kilichotokea Marekani baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, ambapo watu wengi waliacha ndege wakaenda safari ndefu kwa magari yao, akakadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu ya badiliko hilo.

Somo hilo lina ukweli wake Tanzania pia. Msafiri wa Kagera ambaye baada ya ajali ile ya Bukoba ya mwaka 2022 aliapa kutopanda ndege, akaamua kwenda kwa meli kutoka Mwanza, hupita katika ziwa lilelile ambamo MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na kuua zaidi ya watu 800, na ambamo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228. Reli nayo ina msiba wake wa Igandu, mkoani Dodoma, ambako watu 281 walikufa tarehe 24 Juni 2002. Misiba hii haitajwi ili kumwongezea msafiri hofu mpya. Inatajwa kwa sababu inafundisha kwamba usalama wa chombo chochote hutokana na matengenezo, idadi ya abiria, hali ya hewa na nidhamu ya wanaokiendesha, na kwamba ni kwa vigezo hivyo, zaidi ya kutazama kama chombo kiko juu, chini au majini, safari inafaa kupimwa.

Sauti na mitikisiko ya angani

Sehemu kubwa ya hofu huzaliwa na mambo ambayo abiria huyasikia bila kuyaelewa. Muda mfupi baada ya ndege kupaa husikika kishindo chini ya sakafu, nayo ni sauti ya magurudumu yakiingizwa tumboni mwa ndege. Baadaye kidogo muungurumo wa injini hupungua ghafla, na abiria mwenye hofu hudhani injini imezimika, wakati rubani amepunguza tu nguvu ya kupaa kwa sababu haihitajiki tena. Mlio mwembamba wa kengele kwa kawaida ni mawasiliano ya wahudumu au ishara ya mikanda. Katika ndege za mapangaboi, kama zile aina ya ATR na Dash 8 zinazotumika sana katika safari za ndani, kelele na mtetemo huwa vikubwa zaidi, na hilo ni tabia ya injini hizo na halina maana ya ubovu.

Kinachoogopwa kuliko vyote ni msukosuko wa hewa, yaani ndege kurushwarushwa na mikondo ya hewa inayopanda na kushuka, hasa karibu na mawingu mazito ya msimu wa masika au juu ya milima. Msukosuko huo husumbua abiria zaidi ya unavyoisumbua ndege, kwa maana mabawa hujaribiwa kabla ya kuidhinishwa ili yastahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa zaidi unaotarajiwa kuyapata katika kazi. Wanaoumia katika misukosuko kwa kawaida ni wale wasiofunga mikanda, kwa hiyo kufunga mkanda muda wote mtu anapokuwa kitini ni kinga ya kweli. Wenye kuogopa kuzimika kwa injini nao wanafaa kujua kwamba ndege za abiria zenye injini mbili hutengenezwa ili ziweze kuendelea na kutua kwa injini moja, na kwamba hata injini zote zikizimika ndege haidondoki wima, bali hushuka kwa mteremko. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege ya Air Transat aina ya Airbus A330 iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki, ikaelea bila injini kwa dakika zipatazo 19 na kutua katika visiwa vya Azores, na watu wote 306 waliokuwamo walinusurika.

Njia za nchi kavu na za majini

Kwa anayependa kubaki chini, miaka ya karibuni imeleta neema kubwa. Treni ya umeme ya Shirika la Reli Tanzania inayopita katika reli ya kisasa, na yenye uwezo wa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, kisha ikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Mkazi wa Magomeni hushuka mwendokasi Gerezani, si mbali na Stesheni ya Magufuli, na ndani ya saa zisizozidi 4 za treni akawa Dodoma, safari ambayo kwa basi ilikuwa ikimaliza mchana mzima. Ukijumlisha muda wa kwenda uwanja wa ndege, kukaguliwa na kusubiri, tofauti kati ya treni hiyo na ndege ya Dodoma imekuwa ndogo, na anayechagua treni kwa safari hii hana haja ya kujieleza kwa mtu. Tahadhari ya pekee ni ya mvua kubwa, ambazo hujaza maji bonde la Jangwani na kukata njia kati ya Magomeni na mjini, hivyo siku za masika msafiri hutakiwa kutoka nyumbani mapema.

Reli ya Kati ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1914 hadi Kigoma, na yenye tawi la Mwanza kutokea Tabora, bado ni njia ya watu wenye muda na mizigo. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, huunganisha Dar es Salaam na Nyanda za Juu Kusini, ingawa huduma yake ya abiria imewahi kusimama mara kadhaa, na ni busara kuulizia kabla ya kupanga safari. Zanzibar hufikiwa kwa boti za mwendo kasi kwa muda wa saa 2 hivi, kutoka gati iliyo karibu na Posta ya Zamani. Mafia hufikiwa kwa kushika barabara hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha kuvuka kwa chombo hadi Kilindoni, na Bukoba hufikiwa kwa MV Victoria kutoka Mwanza, meli iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa.

Mabasi ya mikoani na ya nchi jirani huanzia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyozinduliwa mwaka 2021, na tangu mwaka 2023 yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Wateja wa Kariakoo wanaotoka Lubumbashi, Lusaka na Lilongwe wamethibitisha kwa miaka mingi kwamba biashara kubwa inaweza kuendeshwa kwa barabara. Hata hivyo, kwa kuwa barabara ndiyo njia yenye vifo vingi kuliko zote, anayelichagua basi kwa kukimbia ndege anapaswa kuhamishia tahadhari zake huko: achague basi lenye mikanda na ajifunge, aangalie kama safari ndefu ina madereva wawili, na atoe taarifa kwa polisi wa usalama barabarani au kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini dereva anapozidisha mwendo.

Safari zisizo na njia nyingine

Pamoja na wingi wa njia hizo, zipo safari ambazo mbadala wake umetoweka. Hadi miaka ya 1970 zilikuwapo meli za abiria zilizopita Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa kwenda Bombay, na mahujaji wa pwani kwa vizazi vingi walikwenda Hijazi kwa vyombo vya baharini. Meli hizo hazipo tena, na hujaji wa Magomeni anayeitimiza nguzo ya tano ya dini yake, mara nyingi akiwa mtu mzima ambaye hajawahi kupanda ndege, hana budi kwenda kwa anga. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu ya kibingwa.

Mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou, umbali wa zaidi ya kilomita 8,000, ana nafasi kidogo ya kuchagua. Anaweza kuagiza kwa simu kupitia wakala anayekusanya mizigo ya watu kadhaa katika kontena moja, bidhaa zikasafiri wiki kadhaa baharini na yeye akabaki dukani kwake. Njia hii inafaa kwa bidhaa anazozijua na kwa kiwanda alichokwisha kukizoea. Udhaifu wake ni kwamba kitambaa hakishikwi kwa mkono, ubora haukaguliwi na mwenye fedha, na maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika mara mbili kila mwaka tangu mwaka 1957, humpita. Mwaka unapoisha, hofu yake imekwisha kumgharimu fedha ambazo hakuna daftari linaloziandika.

Kuishinda hofu hatua kwa hatua

Kwa safari za namna hiyo dawa ni kuitibu hofu yenyewe, na habari njema ni kwamba fobia ni miongoni mwa matatizo ya akili yanayotibika vizuri zaidi. Njia iliyothibitika ni ya kumzoesha mtu kile anachokiogopa polepole, kwa ngazi zinazopanda kidogo kidogo, kila ngazi ikirudiwa hadi mwili uache kushtuka. Msingi wa njia hii ulienezwa na daktari wa akili Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1958, na leo huunganishwa na tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo ya mpangilio ambamo mgonjwa na mtaalamu huchunguza mawazo yanayoichochea hofu na kuyapima kwa ushahidi.

Mkazi wa Dar es Salaam amejaliwa ngazi zinazopangika vizuri. Anaweza kuanza nyumbani kwa kutazama video za ndege zikipaa na kutua, hata kama viganja vinatoa jasho, hadi zimchoshe. Kisha aende Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kumsindikiza ndugu, asimame mbele ya Jengo la Tatu la Abiria na asiondoke mpaka moyo utulie, kwa kuwa anayeondoka katikati ya hofu huifundisha akili yake kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Ngazi inayofuata ni safari ya Zanzibar, ambayo kwa ndege ni ya dakika 20 hivi, na ambayo ina sifa adimu ya kumruhusu msafiri kurudi kwa boti asipojisikia kurudi kwa ndege. Akishaizoea, safari ya Arusha au Mwanza humwongezea muda wa kukaa angani, na baada ya hapo safari ya saa nyingi hubaki kuwa ndefu tu, si ya kutisha.

Ndani ya ndege, kiti cha karibu na mabawa hutikisika kidogo kuliko cha nyuma, na kumweleza mhudumu mapema kwamba mtu ana hofu humpatia uangalizi. Pumzi ndiyo silaha iliyo karibu zaidi: kuvuta hewa kwa pua kwa hesabu ya 4 na kuitoa taratibu kwa hesabu ya 6, kwa dakika kadhaa, hurekebisha upungufu ule wa kabonidayoksaidi unaoleta kizunguzungu. Dua na sala zina nafasi yake kwa mwenye imani, kwani huupa moyo wake mahali pa kushika, na hazipingani hata kidogo na tiba.

Pombe na dawa za usingizi hazishauriwi, isipokuwa dawa iwe imeandikwa na daktari kwa sababu maalumu. Watafiti Wilhelm na Roth, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1997 juu ya wanawake 28 wenye hofu ya ndege, waliona kwamba waliopewa dawa ya kutuliza iitwayo alprazolamu walihisi nafuu katika safari ya kwanza, lakini wiki moja baadaye, walipopanda ndege bila dawa, hofu yao ilikuwa kubwa kuliko ya wale ambao hawakuwa wamepewa dawa hiyo. Dawa ilikuwa imewanyima nafasi ya kujifunza kwamba hofu hushuka yenyewe. Ambaye hofu yake imevuruga maisha anafaa kumwona mtaalamu, na kwa mtu wa Magomeni idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ipo Upanga, ng'ambo tu ya bonde la Msimbazi.

Mzigo huu haupaswi kuachiwa mtu mmoja. Taasisi zinazopeleka mahujaji, ambazo tayari huwafundisha ibada kabla ya safari, zingeweza kutenga saa moja ya mafunzo hayo kuwaeleza wazee sauti za ndege, msukosuko wa hewa na namna ya kupumua. Mashirika ya ndege yangeweza kufanya hivyo kwa abiria wa mara ya kwanza, na familia zingeweza kuacha kucheka na kuanza kusindikizana. Wahenga walisema kawia ufike, na anayekwenda Dodoma kwa treni au Zanzibar kwa boti kwa kupenda kwake anaishi kwa hekima hiyo. Kwa safari ambazo reli na bahari havizifikishi, kufika kwenyewe kunadai kwamba hofu ishughulikiwe, na maarifa ya kuishughulikia yapo, yamejaribiwa, na yanapatikana katika jiji hilihili.